Kuku Tuliompikia Mkaguzi

Nilikwenda Machakos kwa sababu ya barua ya mistari minne. Aliipokea Ndunge, mjane wa marehemu ndugu yangu, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Kithyoko na hoteli ndogo ya chakula upande wa barabarani. Barua ilisema kwamba ombi lake la ruzuku ya kufufua biashara za wageni zilizoumizwa na korona limekataliwa, kwa kuwa biashara yake imekaguliwa na kuonekana inastawi. Ndunge aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akanipa. Mimi ndiye niliyetafuta kiti.

Inastawi! Kabla ya korona alipokea watu waliokuja kutazama bwawa la Masinga, vikundi vya kwaya, madereva wa barabara ya Garissa. Amri ya kufunga ilipokuja, akafunga. Amri ya kufungua ilipokuja, akafungua, lakini wageni hawakusikia amri hiyo. Mpishi alirudi kwao Kivaa. Paa la vyumba viwili likaanza kuvuja. Na tangu mwaka uliopita mtu mmoja wa baa amekuwa akija kila mwisho wa mwezi kumwomba Ndunge amkodishie jengo lote kwa miaka kumi. Safari ya mwisho Ndunge alimjibu, "Nikinyimwa ruzuku, njoo uchukue funguo." Kwa hiyo mistari ile minne ilikuwa na maana moja tu: mahali ambapo ndugu yangu alipofusha macho yake kwa kuchomelea kila dirisha kwa mkono wake pangekuwa baa, na Ndunge angeenda kukaa kwa binti yake huko Syokimau, karibu na Nairobi, katika chumba cha ghorofa ya tano, akihesabu magari.

Lakini lazima nieleze kwa nini mkaguzi aliona kustawi, maana kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, ndiyo maana hata watu wenye wajukuu hapa huniita Mwalimu. Tuliposikia kwamba mkaguzi angefika siku ya Jumanne, Ndunge aliniambia, "Mwalimu, si aone tu kulivyo?" Nikamjibu kwamba mgeni haonyeshwi njaa. Kwetu Ukambani mgeni wa heshima akija, boma halikutwi likiwa tupu. Majirani huja kuketi nawe, huja na viti vyao na vikombe vyao, ili mgeni ajue amefika kwa mtu mwenye watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sijawahi kuona dhambi ndani yake.

Basi Jumapili nikatangaza kanisani. Kikundi cha mwethya, yaani akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, kikaja chini ya mwenyekiti wao Kaleli. Walipiga deki vyumba vyote sita. Walitandika mashuka yao wenyewe. Siku ya Jumanne, kufikia saa nne asubuhi, kila meza ilikuwa na watu waliovaa nguo za ibada, wakila muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, walioupika kwao na kuja nao kwa sufuria. Wazee watatu waliombwa wapumzike vyumbani, na viatu vyao vikaachwa mlangoni. Mkaguzi, kijana mpole aitwaye Musyoki, akachinjiwa kuku wa kienyeji. Alikula, akapiga picha, akahesabu vichwa, akaandika, akashukuru, akafungiwa hata paja la njiani. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyeulizwa swali.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Kithyoko.

Nilipata nafasi katika pikapu ya Mutisya, fundi wa vyuma, aliyekuwa akipeleka milango miwili Kathiani. Ndunge alinisindikiza hadi barabarani na chupa ya chai na viazi vitamu.

"Usigombane nao," aliniambia.

"Nitakwenda kwa upole."

"Upole wako naujua, Mwalimu. Ule wa kupiga meza."

Mutisya akacheka huku akiwasha gari. Alikuwa mmoja wa walioketi mezani siku ile, na hadi leo hajui kwa nini alipangiwa kiti kilicho karibu na dirisha. Tulipofika Matuu jua lilikuwa limepanda. Nikawa natazama kando ya barabara kwa macho mapya. Hapa palikuwa na nyumba ya wageni, sasa kuna ghala la simenti. Pale rangi ya kibao imefifia hata jina halisomeki. Kwingine mlango umefungwa kwa mnyororo na kuku wanalala kwenye baraza.

"Hawa nao waliomba ruzuku?" nikamuuliza Mutisya.

"Wengine waliomba. Yule wa kibao cha kijani alimpikia mkaguzi samaki."

"Akapata?"

"Samaki alikuwa mkubwa mno, Mwalimu." Akabadilisha gia. "Na nyinyi mshukuru hamkuchinja mbuzi. Mngeletewa fomu ya kodi ya hoteli ya nyota tano."

Sikucheka. Toka Kithimani hadi Kangundo nilikuwa nikijisemea maneno ambayo ningeyasema ofisini, na kila niliporudia yalizidi kuwa makali, nikalazimika kuyaanza upya kwa salamu.

Alasiri tulifika Kathiani.

Huko vilima ni vya kijani hata wakati ambao kwetu Masinga majani yamegeuka vumbi. Nilimshukuru Mungu kwa parachichi zilizoning'inia juu ya njia, ingawa si zangu. Nililala kwa Nzioka, tuliyebatizwa naye siku moja tukiwa wavulana. Mkewe Mwikali alituletea maharagwe na chai, nami nikawaeleza kilichonitoa nyumbani. Nilipofika kwenye wazee watatu waliolazwa vyumbani na viatu mlangoni, Mwikali alishika leso yake akafuta machozi ya kicheko.

Nzioka hakucheka. Alikuwa akinitazama kama mtu anayejiuliza aseme au anyamaze.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "mimi nilibeba magodoro."

"Magodoro gani?"

"Ya hoteli moja kubwa kule mjini." Alilitaja jina, lakini mimi nitaliacha. "Walikuwa na mshauri, mtu wa tai. Alijua fomu yote inauliza nini. Wiki moja kabla ya ukaguzi tukaitwa watu kumi wa vibarua. Tukatoa magodoro vyumba vyote, tukayaficha kwenye ghala. Tukamwaga maji ya bwawa la kuogelea. Majani hayakufyekwa. Kompyuta ya mapokezi tukaifunika gunia. Wafanyakazi wakaambiwa siku hiyo wasije."

"Na ukaguzi ulipokwisha?"

"Tukaitwa tena kurudisha."

"Wakapewa ruzuku?"

"Walikuwa wa kwanza kwenye orodha."

Mwikali alikuwa ameacha kucheka. "Na nyinyi mkapika kuku," akasema polepole, kama mtu anayetoa rambirambi.

Niliinuka nikatoka nje. Nimefundishwa tangu utoto kwamba hasira ni mzigo, nami nimewafundisha hivyo watoto wengi. Lakini nielezeni, afanye nini mtu anapoambiwa kwamba aliyeficha utajiri wake amepewa, na aliyeficha umaskini wake amenyimwa, tena na karatasi ile ile? Nilimpigia Ndunge simu pale pale penye parachichi, nikamsimulia yote, magodoro na maji na gunia, kwa sauti ambayo jirani wa Nzioka alitoka kuisikiliza. Kisha nikasali. Nilimwomba Mungu aniondolee hasira. Aliniachia hasira hiyo, nadhani kwa kuwa alijua nitaihitaji asubuhi.

Jumanne, saa mbili, Machakos mjini.

Ofisi ya mfuko ule wa ruzuku iko juu ya ngazi nyingi, na sitaieleza zaidi, maana ndani yake nilikutana pia na watu wema. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tano. Karani alinipitisha kwa afisa, mama wa makamo aitwaye Madam Wanza. Alinikaribisha, akafungua faili la Ndunge, akageuza kompyuta yake ili nami nione.

Zilikuwa picha zetu. Kaleli akiwa na kilemba cha sikukuu, mkono umeshika kijiko. Mutisya dirishani. Viatu vya wazee mlangoni, jozi tatu, vimepangwa vizuri.

"Mzee, tazama mwenyewe," akasema. "Kuna wateja ishirini na saba asubuhi ya Jumanne. Hata hapa mjini hoteli haziko na watu kama hao saa nne."

"Madam, hao si wateja. Ni majirani."

"Walikuwa wanakula."

"Chakula chao. Walikuja nacho."

"Kwa nini mtu aje na chakula hotelini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa upole, na meza sikuipiga. Nikamwambia mgeni wa heshima hupokewaje. Alinisikiliza huku akiuma kalamu, na nikaona kwamba anajua. Yeye ni mtu wa huku huku. Mama yake bila shaka amewahi kuazima viti.

Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia Musyoki mkaguzi na bahasha mkononi. Aliponiona uso wake uling'aa.

"Mwalimu! Haki yule kuku! Nimewaambia hawa watu, hawaamini."

"Kaa hapo," nikamwambia, kama ninavyowaambia watoto wa katekisimu, naye akakaa. "Uliandika tunastawi."

"Niliandika nilichoona, Mwalimu."

"Uliuliza hata mtu mmoja kama amelipa?"

"Fomu haiko na hilo swali."

"Uliuliza wale wazee walilala pale usiku?"

"Fomu inasema nihesabu vyumba vyenye watu. Nilihesabu."

"Na ile hoteli iliyomwaga bwawa lake, fomu ilisemaje?"

Musyoki alimtazama Madam Wanza. Madam Wanza alitazama kompyuta. Hapo ndipo nilipoipiga meza. Nawaomba radhi wote wawili, hasa kwa sababu ya chai iliyomwagika. Lakini niliwaambia nilichokuwa nacho: kwamba fomu isiyojua tofauti ya jirani na mteja isitumwe vijijini, kwamba tajiri alinunua mtu wa kumsomea maswali kabla ya mtihani, na mjane hakujua hata kama anafanya mtihani, kwamba fedha zile ni za wananchi, na wananchi ndio wale waliokuwa kwenye picha, wakila muthokoi wao wenyewe ili serikali isijisikie vibaya.

Kisha Madam Wanza akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna rufaa. Lakini mwenye biashara lazima atie sahihi kwamba alitoa picha isiyo ya kweli ya biashara yake."

"Yaani akiri amedanganya serikali."

"Maneno ya karatasi ni hayo."

"Na jina lake likiwa kwenye karatasi hiyo?"

"Linaweza kumfuata," akasema.

Nilikaa na swali hilo. Je, tulidanganya? Nimewafundisha watu maisha yangu yote kwamba uongo hauhitaji mdomo. Mtu anaweza kudanganya kwa kiti. Nilipomwambia Ndunge kwamba mgeni haonyeshwi njaa, nilikuwa nikilinda heshima ya mgeni, au yangu? Maana mimi ndiye niliyesimama mlangoni siku ile nikipokea pongezi za mkaguzi kana kwamba nyumba ni ya baba yangu. Ndunge alikuwa jikoni. Ndunge ndiye aliyetaka aonwe kulivyo.

Nikaomba karatasi tupu. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mimi, mzee wa kanisa wa Kithyoko, ndiye niliyewaita watu wale. Kwamba mwenye nyumba alikataa nikamshinda kwa umri wangu. Kwamba wateja halisi siku hiyo hawakuwapo. Na kwamba kama kuna jina la kufuatwa, ni hili hapa chini. Nikatia sahihi. Madam Wanza aliisoma mara mbili.

"Hii si fomu ya rufaa," akasema.

"Najua."

Aliiweka ndani ya faili. "Nitatuma mkaguzi mwingine. Hatapiga simu, hamtajua siku. Na mzee," akaongeza, "tafadhali, msipike."

Musyoki alinisindikiza hadi chini ya ngazi. Aliniambia ameona haya. Nikamwambia haya ni mwanzo mzuri, na kwamba mifupa ya kuku yule simdai.

Jumatano, saa nane mchana, nyumbani.

Sijashuka vizuri kwenye gari nikaona kitu kilichonifanya nidhani nimechanganyikiwa. Akina mama wa mwethya walikuwa wakitoka katika nyumba ya Ndunge wakiwa na magodoro kichwani, wakiyapeleka kanisani. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Meza zilikuwa nje, miguu juu. Msichana mmoja alikuwa akimwaga majivu ya jiko sakafuni, penye deki ya wiki mbili zilizopita.

"Mnafanya nini?" nikapaza sauti.

Kaleli alishusha godoro lake. "Si ulimwambia Ndunge kwa simu? Waliopewa walikuwa watupu, na jana ukasema mkaguzi mwingine anakuja. Basi tunakuwa watupu."

"Huo ni udanganyifu!"

"Mwalimu, juzi ulituambia tujaze, tukajaza. Mimi nilikuja na mashuka ya harusi yangu. Leo tunatoa, unaita udanganyifu. Hebu tuambie, ule wa juzi uliitwaje?"

Wengine walisimama na magodoro yao kichwani wakingoja jibu langu. Nimeulizwa maswali magumu na vijana wanaotaka kipaimara, lakini sijawahi kuulizwa gumu kama hilo.

Ndunge alitokea mlangoni akijifuta mikono.

"Rudisheni," akasema.

"Lakini Ndunge," Kaleli akaanza.

"Nyumba ni yangu. Mara ya kwanza ilijazwa, sikusikilizwa. Sasa inamwagwa, sikuulizwa. Magodoro sita yarudi. Vyumba vinavyovuja viachwe vivuje. Akija, aone."

Wakarudisha. Nami nilibeba godoro moja, la chumba cha tatu, ingawa mgongo wangu ulilalamika siku nne.

Mkaguzi wa pili alikuja wiki iliyofuata, siku ya jua kali, saa saba. Alikuwa mama kijana, peke yake, miguu imejaa vumbi. Alikuta wafanyakazi wawili wa barabara wakila ugali na maharagwe, vyumba vyote vitupu, na ndoo chini ya paa linalovuja, ikiwa kavu kwa sababu mvua haijanyesha. Aliuliza maswali ambayo Musyoki hakuuliza. Ilimchukua saa mbili. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Kaleli alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na wenzake, wote wanatazama, hakuna anayevuka. Hofu yetu ilikuwa hiyo: kwamba kikombe kimoja cha ukarimu kitaandikwa.

Mwishowe yule mama alifuta jasho akasema, "Mwaitu, naweza kupata chai?"

Neno mwaitu maana yake ni mama yangu. Hivyo ndivyo alivyomwita Ndunge, kwa Kikamba, kama binti aliyefika nyumbani.

Niliona mkono wa Ndunge ukienda kwenye birika, ukasimama njiani.

"Ipo," akasema. "Ya kuuza."

Yule mama akalipa, akanywa, akaandika, akaenda. Ndunge alikuwa ameingia jikoni mara alipoipokea pesa, na hakutoka mpaka wale wafanyakazi wa barabara walipoita wenyewe sahani ziondolewe.

Ruzuku imekubaliwa. Mutisya ameanza kupima paa, na mtu wa baa ameambiwa asirudi. Nimemshukuru Mungu mbele ya kanisa lote, na shukrani ilikuwa ya kweli. Wiki hii Ndunge amekwenda Kivaa kuwatembelea akina mama wawili wenye nyumba za wageni, walionyimwa kama yeye, baada ya kupika kama sisi. Amewaeleza waandike nini. Na amewaambia neno ambalo sikudhani ningelisikia kutoka katika kinywa chake: akija mtu wa serikali, msimpe hata maji.

Ni ushauri mzuri. Umethibitishwa. Wanaousikia wanapata haki yao, nami siwezi kuupinga. Lakini nimezaliwa na kuzeeka katika nchi hii kavu, ambapo mtu alikuwa akimpa mpita njia maji ya mwisho kwenye mtungi kisha akaenda mtoni mwenyewe, na hakuna ukame wala ugonjwa uliotufundisha kufanya vingine. Fomu moja imetufundisha.

Nilimuuliza Ndunge alikuwa akifanya nini jikoni siku ile kwa muda mrefu vile.

"Nilikuwa nampikia yule mama yai," akasema. "Nikala mwenyewe."